Nomino za Kiingereza na aina zake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza huanza somo la nomino kwa orodha: nomino za pekee, za kawaida, za makundi, dhahania, ambatani. Mwanafunzi huikariri, akiulizwa kwenye mtihani huitaja yote, kisha akikaa kuandika barua anaandika "She gave me many advices" wala haoni kosa. Orodha haikumsaidia kwa sababu hakuambiwa kila aina ina kazi gani.

Kazi yake ni hii. Aina ya nomino ndiyo inayoamua kama neno litaanza kwa herufi kubwa, kama litatanguliwa na "a", "an", "the" au halitatanguliwa na chochote, kama litakuwa na wingi, na kama kitenzi kitakuwa "is" au "are". Kwa hiyo badala ya kukariri majina ya aina, jizoeze kuiuliza kila nomino maswali machache. Mwongozo huu unayapanga maswali hayo kwa utaratibu unaofaa mtu anayeandika, na unakaa zaidi pale ambapo wazungumzaji wa Kiswahili huteleza.

Una mtaji tayari. Anayejua Kiswahili anajua kwamba nomino huitawala sentensi: "vitabu vikubwa viwili vimepotea" ina "vi" kila mahali kwa sababu ya neno moja, vitabu. Kiingereza hakina ngeli. Katika "Two big books are lost", wingi unaonekana kwenye "books" na kwenye "are" tu, na "big" haibadiliki hata vitu vikiwa elfu. Lakini Kiingereza kina udhibiti wake, nao umekaa mahali ambapo sisi hatukuzoea kutazama: mbele ya nomino, kwenye vile vijineno "a" na "the".

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza neno hilo ni nomino

Fasili ya "jina la mtu, mahali au kitu" ni mwanzo tu, haitoshi. "Arrival" si kitu unachoweza kukishika, lakini ni nomino. Na maneno mengi ya Kiingereza hufanya kazi mbili bila kubadili sura: "answer", "water", "work", "walk", "help". Huwezi kujua aina ya neno kwa kulitazama peke yake. Litazame mahali lilipokaa.

Jaribu kuweka "the", "my" au "this" mbele yake. Sentensi ikikubali, una nomino. "The answer is correct" inakubali. Katika "Answer the question" huwezi kuweka "my" mbele ya "answer", kwa hiyo hapo ni kitenzi. Angalia pia kama neno limefuata kihusishi kama "of", "in" au "for": "thank you for your help".

Kuna jozi ambazo matamshi ndiyo yanayotofautisha. "Record", "present", "export" na "permit" huwekwa mkazo kwenye silabi ya kwanza zikiwa nomino, na kwenye silabi ya pili zikiwa vitenzi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili sisi hulikazia mwanzoni bila kufikiri. Nomino zitakutoka sawasawa. Ni vitenzi vinavyohitaji mazoezi.

Kitenzi chenye "-ing" nacho huweza kusimama kama nomino: "Swimming is good exercise". Hili halipaswi kukutisha, maana Kiswahili kina jambo lile lile: "Kuogelea ni zoezi zuri". Palipo na kitenzi-jina cha "ku-" kinachofanya kazi ya kiima, mara nyingi Kiingereza kitakuwa na "-ing". Na pale kihusishi kinapotangulia, "-ing" ni lazima: "She is good at drawing", kamwe si "good at draw".

Hatua ya 2: Ni jina la kimoja mahususi, au la aina nzima?

Hapa ndipo nomino za pekee zinapoachana na nomino za kawaida. "City" ni mji wowote. "London" ni mmoja. Za pekee huanza kwa herufi kubwa popote zilipo katika sentensi.

Majina ya watu na nchi hayawapi watu shida. Yanayosahaulika ni siku, miezi, lugha na uraia: "Monday", "July", "English", "French". Kiswahili sanifu huandika "Jumatatu" kwa herufi kubwa, lakini wengi wakihamia Kiingereza huandika "monday", na ni kosa linaloonekana upesi sana kwenye barua rasmi. Majira ya mwaka, kinyume chake, huandikwa kwa herufi ndogo: "summer", "winter".

Vyeo na majina ya jamaa, kama mama na baba, hubadilika kulingana na kazi. "My mother is here" ina herufi ndogo kwa sababu "mother" ni nomino ya kawaida yenye "my" mbele yake. "I asked Mother" ina herufi kubwa kwa sababu neno limekaa mahali pa jina. Vivyo hivyo "the president" na "President Lincoln".

Nomino za pekee kwa kawaida hazitaki "the", ila jiografia ina desturi zake, na ni afadhali uzijue sasa. Mito, bahari, safu za milima na nchi zenye majina ya wingi huchukua "the": "the Nile", "the Pacific", "the Alps", "the Netherlands", "the United States". Ziwa moja na mlima mmoja havichukui: "Lake Geneva", "Mount Everest". Mabara nayo hayachukui: "Africa", "Asia".

Jina la mtu huweza pia kuhama na kuwa la kawaida. James Watt na Alessandro Volta walikuwa watu, lakini vipimo "watt" na "volt" huandikwa kwa herufi ndogo, ingawa alama zake za kisayansi, W na V, zimebaki na herufi kubwa.

Hatua ya 3: Je, inahesabika?

Kama utaondoka na hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Makosa mengi kabisa ya nomino katika Kiingereza cha wazungumzaji wa Kiswahili yanatoka hapa, na sababu yake si uvivu. Ni kwamba lugha hizi mbili zimegawa dunia tofauti: vitu ambavyo Kiswahili kinavihesabu bila taabu, Kiingereza kinaviona kama maji, yaani kitu kimoja kisicho na vipande.

Kiswahili kinaruhusu taarifa tatu, habari mbili, mizigo minne, tafiti kadhaa. Kiingereza kinakataa "informations", "newses", "luggages", "researches" kwa maana hiyo. Orodha ya kuanza nayo ni hii, na inafaa ikaririwe kweli: "information", "advice", "news", "furniture", "equipment", "luggage", "homework", "knowledge", "progress", "evidence", "research", "traffic", "money". Hazichukui "-s" ya wingi, hazitanguliwi na "a", na kitenzi chake ni cha umoja.

Kuna mtego wa pili ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wote duniani haviwezi kuutaja, kwa sababu ni wetu. Maji, maziwa, mafuta, maarifa na maendeleo huchukua upatanisho wa ngeli yenye "ya-": maji yamemwagika, maendeleo yameonekana. Nywele nazo ni za wingi: nywele zake ni ndefu. Sikio lililozoea "ya-" na "zi-" husikia wingi, na mkono huandika "The milk are cold" au "Her hairs are long". Kiingereza kinataka "The milk is cold", "Her hair is long", "The progress was slow". Usitafsiri upatanisho, uliza upya kama nomino ya Kiingereza inahesabika.

Sasa matokeo yake kwenye sentensi. Nomino isiyohesabika inakwenda na "much", "little", "some", "a lot of". Inayohesabika inakwenda na "many", "few", "several" na tarakimu. "How much luggage do you have?" lakini "How many bags do you have?" Ukiona mzigo ni ule ule, samani ni zile zile, fedha ni zile zile, usishangae kwamba maneno mawili ya kitu kimoja yana tabia tofauti: "luggage" haihesabiki na "bag" inahesabika, "furniture" haihesabiki na "chair" inahesabika, "money" haihesabiki na "coin" inahesabika. Kuhesabika ni tabia ya neno, si ya kitu.

Upande wa pili una sheria ambayo ningependa kila mwanafunzi aiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haikai uchi. Lazima iwe na neno mbele yake, iwe "a", "the", "my", "this", "every" au "one". Kiswahili husema "Nimenunua kitabu" na sentensi imekamilika. "I bought book" haijakamilika. Ni "a book" kama msikilizaji hakijui, na "the book" kama mnakijua nyote wawili. Kuna misemo michache iliyoganda ambayo huvunja sheria hii, kama "by bus", "in bed", "at school", "at work". Jifunze misemo hiyo kama ilivyo, lakini usiichukue kuwa ruhusa ya kuacha "a" kwingine.

Kuhusu "a" na "an", sikiliza sauti, usitazame herufi. "An hour" na "an honest man", kwa sababu "h" haitamkwi. "A university" na "a European", kwa sababu sauti ya kwanza ni ile ya "yu", si irabu.

Itakuwaje ukitaka kuhesabu kisichohesabika? Unakipa kipimo, kisha unahesabu kipimo. "A piece of advice, two pieces of advice". "A glass of water". "A loaf of bread, a slice of bread". "A bar of soap". "A sheet of paper". "An item of news". Wingi unakaa kwenye kipimo, nomino yenyewe inabaki ilivyo. Neno "piece" linatumika kwa mengi: "advice", "information", "furniture", "luggage", "equipment", "evidence", "homework", "research" zote zinalikubali.

Kisha kuna nomino zenye maisha mawili. "Paper" ni karatasi kama malighafi na haihesabiki, lakini "a paper" ni gazeti au makala ya kitaaluma. "Glass" ni kioo, "a glass" ni bilauri. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Chicken" ni nyama ya kuku, "a chicken" ni kuku mzima. "Experience" bila "a" ni uzoefu, "an experience" ni tukio lililokupata. Hata "hair" huweza kuhesabika unapoongelea unywele mmoja mmoja: "There is a hair in my soup". Kwa hiyo "I have a lot of experiences in teaching" haimaanishi unavyodhani. Inasimulia matukio uliyoyapitia, haisemi kwamba una uzoefu.

Mazoea mawili yatakusaidia. La kwanza, tumia kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, si kamusi ya tafsiri peke yake. Kamusi hizo huweka herufi C au U kando ya kila nomino. C ni kifupi cha "countable", yaani inayohesabika, na U ni kifupi cha "uncountable". Ukiona zote mbili, neno lina maisha mawili, soma mifano. La pili, unapoandika msamiati mpya kwenye daftari, usiandike "chair" peke yake, andika "a chair". Na usiandike "furniture" peke yake, andika "some furniture". Hivyo unakariri neno pamoja na tabia yake.

Hatua ya 4: Kama inahesabika, wingi wake unaundwaje?

Kwa nomino nyingi, ongeza "-s" na umemaliza. Nomino zinazoishia kwa sauti kama "s", "x", "sh" au "ch" huongezwa "-es": "buses", "boxes", "dishes", "watches". Zenye konsonanti kabla ya "y" hugeuza "y" kuwa "-ies", kama "city, cities"; zenye irabu kabla ya "y" haziguswi, kama "boy, boys". Baadhi ya zinazoishia kwa "-f" au "-fe" huchukua "-ves": "leaves", "knives", "wives", "shelves", nyingine hukataa: "roofs", "chiefs", "beliefs". Za "-o" nazo zimegawanyika, "potatoes" na "heroes" upande mmoja, "photos" na "pianos" upande mwingine. Hapa hakuna njia ya mkato zaidi ya kusoma sana.

Matamshi ya hiyo "-s" mara nyingi hayafundishwi. Baada ya sauti kama "p", "t", "k" na "f" hutamkwa "s": "cups", "cats", "books". Baada ya sauti nyingine nyingi na irabu zote hutamkwa "z": "dogs", "pens", "trees". Na baada ya zile zinazofanana na "s" huongeza silabi nzima, "iz": "buses", "judges".

Kuhusu wingi usiofuata kanuni, inafaa kujua kwamba si ukorofi wa lugha. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, kilikuwa na jinsia tatu za kisarufi na njia kadhaa za kuunda wingi. Njia moja, ya kiambishi "-as", ndiyo iliyosambaa ikawa "-s" ya leo, na njia nyingine zikabaki kwenye maneno yanayotumika kila siku. "Oxen" imehifadhi "-en", na "children" iliongezewa "-en" hiyo baadaye. "Foot, feet", "tooth, teeth", "goose, geese", "man, men", "woman, women", "mouse, mice" na "louse, lice" zilibadili irabu ya ndani kwa kuvutwa na sauti ya "i" iliyokuwa mwishoni na ambayo baadaye ilipotea. Ni maneno saba tu, yakariri. "Sheep", "deer", "aircraft", "series" na "species" hazibadiliki kabisa.

Maneno ya kitaaluma yaliyotoka Kigiriki na Kilatini huja na wingi wake: "criterion, criteria", "phenomenon, phenomena", "analysis, analyses", "crisis, crises", "bacterium, bacteria". Kosa la kawaida ni kusema "a criteria" au "this phenomena". Hizo tayari ni za wingi.

Hatua ya 5: Usidanganywe na sura ya mwisho wa neno

Kuna nomino zenye "-s" ambazo ni za umoja: "news", "mathematics", "physics", "measles". "The news is good", ingawa Kiswahili kinasema "habari ni nzuri" bila kutuonyesha lolote. Kuna nyingine zisizo na "-s" ambazo ni za wingi siku zote: "people", "police", "cattle". "The police are coming". Na kuna za vifaa au nguo zenye pande mbili, ambazo hazina umoja: "trousers", "scissors", "glasses" kwa maana ya miwani. Kiswahili kina suruali moja na mkasi mmoja, kwa hiyo tunaandika "a trouser" na "a scissor". Sema "a pair of trousers", au "these trousers are new".

Nomino za makundi, ambazo vitabu vingine huziita nomino za jamii, ni kama "team", "family", "government", "committee", "staff". Hapa Waingereza na Wamarekani wanatofautiana. Marekani huziona kama kitu kimoja: "The team is winning". Uingereza hukubali pia "The team are winning", hasa msemaji anapowafikiria watu waliomo ndani. Vyote viwili ni sahihi. Chagua kimoja na ukishike kuanzia mwanzo wa andiko hadi mwisho, maana msomaji husumbuliwa zaidi na kuyumba kuliko na chaguo lenyewe.

Hatua ya 6: Nomino dhahania, na jinsi Kiswahili kinavyokusaidia kuziunda

Nomino dhahania hutaja kisichoonekana wala kushikwa: hali, hisia, wazo, sifa. Kiswahili huziunda kwa kuweka "u-" mwanzoni: rafiki huzaa urafiki, mtoto huzaa utoto, mfalme huzaa ufalme, jirani huzaa ujirani. Kiingereza hufanya kazi hiyo hiyo mwishoni mwa neno, ila badala ya kiambishi kimoja kina vingi, na vingi kati ya hivyo huchagua neno la kukaa nalo.

"-ness" hupenda vivumishi: "kind, kindness", "dark, darkness". "-ity" pia hukaa na vivumishi, hasa vyenye asili ya Kilatini: "able, ability", "possible, possibility". "-ship" na "-hood" hushikana na nomino za watu: "friend, friendship", "leader, leadership", "child, childhood", "neighbour, neighbourhood". "-tion", "-ment" na "-ance" hushikana na vitenzi: "educate, education", "develop, development", "appear, appearance". Kundi dogo la zamani hubadilika kwa namna yake: "long, length", "strong, strength", "true, truth", "poor, poverty".

Sasa angalizo ambalo nadhani lina thamani kuliko orodha hiyo yote. Kiswahili hupenda kusema mtu ana kitu: ana njaa, ana hasira, ana bahati, ana akili. Ni kitenzi cha kuwa na, pamoja na nomino. Kiingereza katika hali hizo kwa kawaida hutumia "be" na kivumishi: "is hungry", "is angry", "is lucky", "is intelligent". Anayechanganya njia hizo mbili huandika "He is very intelligence" au "I have hungry". Ukitumia "is", tafuta kivumishi. Ukitumia "has", tafuta nomino: "She is patient", "She has patience".

Nomino dhahania inapozungumziwa kwa ujumla haitaki "the": "Patience is important". Ikifungwa kwa mtu au jambo fulani, "the" inarudi: "the patience of my teacher". Nyingi hazihesabiki, lakini si zote. "Idea", "problem", "opinion" na "decision" zinahesabika kabisa, kwa hiyo usione aibu kuandika "three ideas". Na kuna "knowledge", ambayo haihesabiki lakini ikipata sifa mbele yake huweza kupokea "a": "a good knowledge of English". Neno hilo halina wingi hata hapo.

Hatua ya 7: Nomino mbili zikikutana, ipi ni mkuu?

Kiswahili huanza na mkuu: mlango wa gari, kikombe cha chai. Tunajua mara moja tunaongelea mlango. Kiingereza humweka mkuu mwisho: "car door", "teacup". Soma nomino ambatani kutoka kulia. "Racehorse" ni farasi, "horse race" ni mbio. "Bus station" ni kituo, "station bus" ni basi. Ukikutana na mlolongo mrefu kama "university library opening hours", anza na neno la mwisho kisha rudi nyuma ukitumia viunganishi vya kimilikishi: saa za kufungua za maktaba ya chuo kikuu.

Kwa kuwa mkuu ni wa mwisho, wingi huwekwa kwake: "toothbrushes", "bus stations". Neno la mbele kwa kawaida hubaki katika umoja hata maana ikiwa ya wingi: "a shoe shop" huuza viatu vingi. Ndiyo sababu pia tunaandika "a ten-year-old child" bila "-s" kwenye "year". Zipo zinazokaidi, kama "sports car" na "savings account". Na kwenye "mother-in-law" na "passer-by" mkuu yuko mwanzoni, hivyo wingi ni "mothers-in-law" na "passers-by".

Mkazo wa sauti nao husaidia. "Greenhouse", ikitamkwa kwa mkazo mwanzoni, ni kitalu cha kioo cha mimea. "Green house", mkazo ukielekea kwenye "house", ni nyumba yenye rangi ya kijani.

Umiliki wa watu na wanyama huonyeshwa kwa ritifaa na "s": "the child's book". Wingi wenye "-s" tayari huongezwa ritifaa peke yake: "the boys' books". Wingi usio na "-s" huchukua vyote: "children's". Muda nao hufuata utaratibu huu: "a day's work", "five years' experience". Usitumie ritifaa kuunda wingi wa kawaida; "two book's" ni kosa.

Hatua ya 8: Pitia andiko lako, nomino moja baada ya nyingine

Usijaribu kufikiria haya yote wakati mawazo yanamiminika. Andika kwanza. Ukimaliza, chukua kalamu, pigia mstari kila nomino, kisha iulize maswali. Tazama mfano huu:

"Next monday I have interview in London. My brother gave me two advices and bought me new trouser. I have experiences of five years in teaching mathematics, and mathematics are my favourite subject."

Tuanze. "Monday" ni ya pekee, inataka herufi kubwa. "Interview" inahesabika na iko katika umoja, kwa hiyo haiwezi kukaa uchi: "an interview". "London" ni sawa. "Brother" ina "my", imevaa. "Advice" haihesabiki, ipewe kipimo: "two pieces of advice". "Trousers" haina umoja: "a new pair of trousers". "Mathematics" ina "-s" lakini ni ya umoja, basi "is". "Subject" ina "my favourite", haina tatizo.

"Next Monday I have an interview in London. My brother gave me two pieces of advice and bought me a new pair of trousers. I have five years' experience of teaching mathematics, and mathematics is my favourite subject."

Imebaki "experience", nayo ndiyo inayohitaji uamuzi wa mwandishi mwenyewe. Hapa anazungumzia uzoefu, hivyo haina "-s". Akiendelea na barua yake na kutaka kusimulia mambo mawili yaliyomtokea darasani, atahamia upande wa pili wa neno hilo hilo na kuandika "two experiences", na hapo "-s" itakuwa sahihi.